Masini Iliyomfungia Falonne Mlango

Siku ya posho, yaani Jumamosi, tarehe 1 mwezi wa tisa, 2001

Falonne amepewa ordinateur, ile kompyuta ya depo! Yeye, mtoto wangu, si mwingine! Papa Hubert, gérant, msimamizi wa depo ya dawa, amesema mbele ya wafanyakazi wote: kuanzia leo mwenye kushika masini hii ni Mademoiselle Falonne, na anayetaka kuingia ndani yake apitie kwake.

Bon. Sasa nisalimie. Mimi ni Katungu Philomène, mama Falonne, muuza maharagi na chumvi pale soko kuu, mzaliwa wa Butembo, lakini Kisangani imenizeesha. Nilisoma mpaka la sita kwa masista, na mwandiko wangu waliusifu. Ninaandika kwa sababu habari kama hii ukiiacha mdomoni tu, inaishia mdomoni.

Baba yake, Kataliko Timothée, vita ya mwezi wa sita mwaka jana ilimkuta barabarani, hakurudi. Angekuwa hapa leo angecheka mpaka magego yaonekane. Tumebaki wawili, mimi na huyu binti, na binti huyu anatosha.

Na Abdulhamid, yule wa Kasongo mwenye duka la kuchapa karatasi, alikuwa anamtaka aende kushika ordinateur yake! Nilimtumia jibu kupitia mke wake, Zaina, ambaye meza yake ya sokoni inagusana na yangu: "Mutoto yangu hakusoma informatique ju ya kuandikia batu faire-part ya matanga" (zile karatasi za kutangaza misiba). Zaina akaanza kupanga upya nyanya zilizokuwa zimepangwa. Shauri yake.

Siku ya pili, yaani Jumanne, tarehe 4

Mvua. Nimeuza kidogo. Habari ya Falonne nimewaambia watu wa mstari wa chumvi, wa mafuta ya ngazi (mawese) na wa samaki. Wa mihogo kesho.

Siku ya tatu, tarehe 12

Redio zote ni Amerika. Sokoni tumewahurumia, maana mabomu tunayajua. Mvua tangu asubuhi.

Siku ya tano, tarehe 14

Leo nimemwona mtoto wangu kazini kwa macho yangu. Nilimpelekea lituma ya ndizi na samaki (hakuwa amesahau chakula, mimi ndiye niliyetaka kuona). Nikakuta wafanyakazi wamejaa mbele ya masini kama wagonjwa mbele ya daktari.

Ilikuwa hivi. Yule fundi aliyeweka masini, kabla hajapanda ndege yake uwanjani Simi-Simi, alifungia ndani yake sheria za usalama. Kila mtu awe na neno lake la siri. Neno likizeeka, masini inadai jipya. Ukikosea mara tatu, inakufungia mlango na haisikii pole yako. Sasa hapa kwetu, nani atamficha mkubwa wake neno? Depo nzima walikuwa wanatumia neno la Papa Hubert, jina la kifungua mimba wake. Juzi masini ikamwambia Papa Hubert abadilishe. Akabadilisha, hakumwambia mtu. Wenzake wakaandika la zamani, wakaandika tena, na tena. Wote nje! Na Papa Hubert mwenyewe lile jipya akalisahau.

Falonne alikaa, vidole vinaruka kama mtu anayechambua mchele, akawafungulia mmoja mmoja. Alipofika kwa Papa Hubert akamwomba achague neno lake peke yake, asimwambie mtu.

"Mutoto," mzee akasema, "tangu lini mutu anamuficha gérant wake kitu?"

"Papa, si kukuficha weye. Masini ndiyo haijue kama weye iko mukubwa."

Watu walicheka, na yeye akacheka, akarekebisha tai yake. Mtu wa Mungu kabisa, Papa Hubert. Siku zote tai, hata kwenye matope haya. Wakubwa kama yeye wamebaki wachache.

Siku ya kwanza, tarehe 17

Gunia moja la maharagi limeota ukungu. Mvua haichoki.

Siku ya posho, tarehe 22

Sina raha leo. Saa ya kula, depo ikiwa na mlinzi peke yake, watu wawili wa usalama waliingia. Wale wanaoshika mji. Mmoja alikaa mbele ya masini akagonga-gonga, akaikuta imefungwa, wakaondoka bila neno. Wanachotaka kinajulikana. Depo inapeleka dawa mpaka vituo vya afya vya upande wa Opala na Basoko, na njia nyingine zinapita kwa wale wanaopigana nao. Nesi gani anachukua quinine, anapita wapi na baisikeli yake, siku gani: yote iko ndani ya masini.

Papa Hubert aliporudi na kuambiwa, alipaza sauti. "Falonne, funga! Mutu yeyote akikaa pale mbele, masini imukatale. Bote! Siku ya kwanza asubuhi utafungua weye mwenyewe." Falonne akaingia kwenye sheria za masini, akaweka hiyo: watu wote, hapana. Akazima.

Siku ya Mungu, tarehe 23

Misa ndefu, mahubiri mazuri, viatu vimeharibika kwa matope. Nje ya kanisa niliwaambia akina mama namna Falonne alivyofunga. "Hata commandant akikuya na bunduki yake," nikawaambia, "masini itamukatala!" Walishangaa sana. Mmoja alisema nipunguze sauti. Wivu huo.

Siku ya kwanza, tarehe 24

Masini imemkataa Falonne.

Aliandika jina lake, neno lake la siri, yote sawa. Masini ikamwandikia kwenye kioo: sheria ya hapa haikuruhusu kuingia kwa kukaa mbele yangu. Akaandika jina la mkubwa wa masini, lile linaloweza yote. Maneno ni yaleyale. Alirudi nyumbani mapema, amelowa, mwavuli umefungwa mkononi. Hakuufungua! Nikajua kuna jambo.

"Mama, niliandika watu wote."

"Sasa? Si ndivyo mzee alisema?"

"Na miye ni mutu."

Nilifikiri sana kabla ya kuelewa. Katika mji huu barrière, kizuizi cha askari, ni kamba tu, na aliyeifunga ndiye anayepita. Commandant anasema asipite mtu, hata mwenye mgonjwa mgongoni, kisha jeep yake inafika na kamba inashuka chini yenyewe. Hatujawahi kuona kamba inayomzuia mwenyewe. Falonne amekulia mbele ya kamba hizo. Alipoandika watu wote hakuwaza hata kidogo kwamba mkubwa wa masini naye amehesabiwa. Hata mimi nisingewaza. Nikamwambia, "Iambie basi kama weye ndiye uliyeifunga!" Akaniangalia, akacheka kidogo, kisha akalia.

Siku ya pili, tarehe 25

Nina hasira na woga, na sijui kipi nitangulize.

Nilikuwa napima maharagi. Kijana mmoja akasimama mbele ya meza, miwani ya jua katikati ya mvua. Wanamwita Désiré. Ni yule aliyegonga-gonga masini.

"Weye ndiye mama ya ule binti wa masini?"

Na mimi, kwa tabia yangu: "Ndiye miye! Unamutakia nini?" Kama vile amekuja kuposa.

"Nilisikia masini yake inakatala hata commandant."

Zaina, ambaye tangu yale maneno ya faire-part hakunisalimia vizuri, aliinuka na nyanya mkononi. "Chef, huyu mama anauzaka maharagi na maneno. Ya kweli ni maharagi tu." Mstari mzima ulicheka. Désiré hakucheka. Alichukua njia ya depo, nami nikaiacha meza wazi nikamfuata.

Akamwamuru Falonne afungue. Falonne akajaribu, masini ikamkataa mbele ya macho yake.

"Unaficha nini?"

"Sifiche kitu, chef. Hata miye inanikatala."

"Mutu anafunga nyumba yake, anabakia inje? Unanicheka?"

Falonne akamgeukia Papa Hubert. Sisi wote tukamgeukia. Na Papa Hubert, mtu wa tai, mtu ambaye nimemsifu mpaka kwenye mstari wa mihogo, akaangalia viatu vyake: "Chef, miye mambo ya masini sijue. Mutoto ndiye alifanya."

Désiré ametoa mpaka siku ya posho, saa sita ya mchana. Isipofunguka, masini na Falonne wanaenda "kwetu." Hakueleza kwetu ni wapi. Nyumba ile inajulikana, na waliotoka ndani yake hawasimulii.

Nilimfuata Papa Hubert mpaka mlangoni pake. "Papa, si weye ulisema bote?" Akasema, "Mama, nina batoto saba." Basi. Na mimi nina wangapi?

Siku ya tatu, tarehe 26

Falonne hali. Nimepika sombe, majani ya mihogo, hakugusa. Nimepika wali, hakugusa. Anazunguka kati ya kitanda na dirisha, na mimi ninamfuata nyuma kama kifaranga, mpaka akanifukuza nikae.

Nilimwambia afute yote, aanze upya kama masini mpya. Akasema inawezekana, lakini vyote vya ndani vitakufa: dawa zilizotoka, zilizobaki, kituo gani kinangojea nini. Na Désiré atasema Falonne amechoma ushahidi. Nikamwambia basi tukimbilie Butembo. Njia gani, mama? Kweli, njia gani.

Alasiri, mvua ikipiga mabati, alisimama ghafula katikati ya nyumba.

"Mama. Inasema kwa kukaa mbele yangu."

"Nani?"

"Masini! Inanikatala nikikaa mbele yake. Haikusema kitu ju ya mutu anayeingia kwa waya, akitokea masini ingine."

Alinieleza kwa mfano wa nyumba yetu. Sheria aliyoiweka imefunga mlango wa sebule kwa watu wote. Mlango wa jikoni hakuugusa. Ikipatikana ordinateur nyingine ikaunganishwa na hii kwa waya, ataingia kwa jikoni, na kwa vile neno la mkubwa wa masini analijua, ataifuta ile sheria kutoka ndani. Waya anao, wa fundi, atabadilisha nyuzi zake ncha moja ili masini mbili ziongee bila wa tatu. Kilichokosekana ni ordinateur.

Hakuna aliyetaja jina. Wote wawili tulijua iko wapi.

Siku ya ine, yaani Alhamisi, tarehe 27

Nilivaa kikwembe changu cha sikukuu. Ukienda kuomba, usiende kama mtu wa kuombaomba.

Zaina alinifungulia. "Mama Falonne! Umepotea njia?"

"Sikupotea. Nimekuja kwa mzee wako."

"Utamuona. Kwanza utakula."

Nilisema nimeshiba, mara mbili. Akasema kwao Maniema mtu hasemi shida yake na tumbo tupu, anaisema vibaya. Miaka yote meza zetu zinagusana, na sijawahi kula kwake! Wali, samaki wa mawese, pilipili kidogo. Nilikula kwa aibu, kisha bila aibu. Anapika vizuri. Si kama mimi, lakini vizuri.

Ndipo Abdulhamid akaja, akakaa, akanyoosha kanzu yake. Nikamweleza yote, mpaka saa sita ya siku ya posho. Alinisikiliza akichezea funguo.

"Mama Falonne, ordinateur yangu si ni ile ya faire-part ya matanga?"

Zaina akaangalia pembeni.

"Ni ile, papa. Na matanga inataka kuwa ya kwangu."

Akaacha funguo. "Usiseme vile. Usirudilie kusema vile." Akamgeukia Zaina: "Wale bakituona, batabeba masini zote mbili. Tutakula nini?"

"Tutakula nyanya," Zaina akasema. "Iko nyanya mingi."

Ataileta kesho, baada ya sala.

Siku ya tano, tarehe 28

Ordinateur imekuja juu ya toleka, baisikeli ya kubeba watu, imefungwa kwa bâche ya kuzuia mvua kama maiti wa mtu mkubwa. Mwenye baisikeli anasukuma, Abdulhamid kushoto, mimi kulia, Zaina nyuma na mwavuli ambao haukumfunika mtu ila masini. Kwenye barrière askari akauliza ni nini. Zaina akasema televisheni imekufa. Akatupa pole.

Tukafika. Falonne akatoa waya. Umeme ukakatika. Tulingoja mpaka giza, haukurudi.

Siku ya posho, tarehe 29

Umeme ulirudi saa tatu, macho-macho, unakwenda na kurudi. Falonne aliweka masini mbili zikiangaliana. Papa Hubert alikuwapo, bila tai, anaingia na kutoka. Sikumpa kiti.

Mara ya kwanza, waya haukushika. Alifungua ncha, akapanga upya zile nyuzi za rangi, chungwa na kijani, akabana kwa meno. Mara ya pili, masini ya Abdulhamid ikauliza neno la siri la ile nyingine. Nilimwona Falonne akifumba macho. Akaandika. Ikamkubali! Aliingia kwa jikoni, mtoto wangu, akatafuta ile sheria, akaifuta. Akasema sasa lazima masini ya depo izimwe na kuwashwa ndipo isikie.

Ikazima. Na gari ikasimama nje.

Désiré na wawili wengine. "Saa sita haijafika," nikawaambia, nimesimama mlangoni na mwili wangu wote, na mwili ninao. "Mama, pisha." "Saa sita haijafika!" Zaina akaja akasimama karibu yangu. Hatukuwa tumepanga hivyo. Nyuma yetu nilisikia masini ikinguruma, polepole, kama mzee anayeamka.

"Baingie, mama," Falonne akasema.

Kioo kikauliza jina. Falonne akaandika. Neno la siri. Ikafikiri, Mungu wangu, ilifikiri! Kisha ikafunguka, uwanja wa bluu mpana.

Désiré akavua miwani. Kumbe ni mdogo, hana hata ndevu za kunyoa. "Sasa toka, nikae."

Falonne hakutoka. "Chef, kila mutu anaingia na jina yake. Weye huna. Nikuwekee?"

"Jina yangu? Mule ndani?"

"Mule ndani."

Aliandika muda kidogo, akakizungusha kiti, akamkalisha. Désiré akachagua neno lake la siri, akatuamuru sote tugeuke, tukageuka. Tulipogeuka tena kioo kilikuwa kimeandika kumkaribisha kwa jina lake lote, na mdomo wa kijana ulibaki wazi. Falonne akamwonyesha mchezo wa karata. Alicheza! Wenzake wakasimama nyuma yake wanamwambia, weka nyekundu, hapana, huku, huku! Alikaa pale mpaka saa sita ikapita na hakuna aliyeitaja.

Baadaye Falonne alinieleza: jina la Désiré linafungua uwanja na karata, basi. Penye dawa na njia za baisikeli, sheria inamzuia. Safari hii ameandika jina moja moja, kwa uangalifu, na lake mwenyewe amelihakikisha mara mbili.

Lakini kijana akiondoka alisema kitu, na kimenitoa usingizi. Mkubwa wake, major, atakuja kupata jina naye. "Na yeye hatake karata. Anataka jina ya kuona yote."

Siku ya Mungu, tarehe 30

Falonne anasema hatampa. "Mama, nikimupa, ule nesi wa baisikeli atakufa njiani, na miye ndiye nitakuwa nimemuonyesha." Nilimwambia ampe tu, tuishi. Akaniangalia namna baba yake alivyokuwa ananiangalia. Sikurudia.

Papa Hubert alikuja baada ya misa, akasimama uani, hakutaka kukaa. Amesema siku major atakapokuja atasema mwenyewe kwamba amri ya kufunga ilikuwa yake. Alisema akiangalia viatu, lakini alisema. Nikampa chai. Si kwa moyo wote.

Siku ya kwanza, tarehe 1 mwezi wa kumi

Major ametuma neno. Tarehe ya kuja kwake imejulikana.

Nilifika sokoni mapema kuliko wote. Zaina akaniuliza, "Leo utauza nini, maharagi ao maneno?" Nikamwambia, "Leo maneno. Nisaidie kuyabeba." Tumepita pamoja mstari wa chumvi, wa mafuta, wa samaki, wa mihogo. Hatukujisifu. Tumesema tu: mtoto wangu hatakaa peke yake mbele ya watu wale. Kila mama ambaye mtoto wake alipona kwa dawa ya depo ile, aje na kikapu chake, akae chini, mlangoni, ndani, dirishani, auze, anyonyeshe, aimbe akitaka. Major akitaka kumpita binti yangu, aturuke sisi kwanza.

Wa samaki wamekubali. Wa mihogo wanasema watakuja na waume zao. Abdulhamid atafunga duka. Falonne hajui bado. Nitamwambia nikishamaliza mstari wa mkaa.

Mvua ikinyesha au isiponyesha: siku ya ine, tarehe ine, saa tatu ya asubuhi, mbele ya depo. Wote.